Maswali ya Wasomaji: Remmy Ongala Asikilizwe Vipi?

SWALI: Shikamoo Mzee. Nina umri wa miaka 23. Baba yangu akipata nafasi huweka nyimbo za Remmy Ongala, na nikimuuliza kuna nini humo, hunijibu tu kwamba vijana wa leo hatujui kusikiliza. Mimi nasikia nyimbo ndefu na gitaa linalorudia palepale. Ukubwa wa mwanamuziki huyu uko wapi, na nianzie wimbo gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Baba yako hakukosea, ingawa angeweza kukujibu kwa upole zaidi. Umezoea wimbo unaomaliza yote ndani ya dakika tatu, ilhali wimbo wa dansi ulitungwa kwa ajili ya ukumbi, ambako watu walikesha na hakuna aliyekuwa na haraka. Kwa hiyo mwanzoni huenda taratibu, mwimbaji akieleza kisa chake, kisha huingia chemko: maneno yanapungua, magitaa yanatawala, na waliokaa wanainuka. Hilo gitaa unalolilalamikia lisikilize tena pamoja na wenzake. Solo likizunguka juu, gitaa la kati hulijibu, na besi hupita katika nafasi zilizoachwa na hayo mawili. Ukiliondoa moja, wimbo wote unapwaya.

Remmy alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, mashariki mwa Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupigia Orchestra Makassy, na baadaye akaongoza Super Matimila. Wapiga gitaa hodari walikuwa wengi mjini wakati huo, na waimbaji wenye sauti tamu kumshinda walikuwapo pia. Kilichomtofautisha ni maneno. Wakati wengi walitunga juu ya mapenzi na mafumbo ya wapinzani, yeye alimwimba mnyonge asiye na mtetezi, akaimba fedha, akaimba kifo kisicho na huruma, tena kwa Kiswahili cha kawaida, kama mtu anayezungumza na jirani yake barazani. Watu wakampa udaktari wao wenyewe, wakamwita Dokta Remmy, na Sinza alikoishi kituo cha daladala kikabaki na jina lake.

Ukitaka kumpima mtunzi huyu kwa wimbo mmoja, chukua “Mambo kwa Soksi” wa mwaka 1990. Ukimwi ulikuwa unaua, na kulitaja hadharani suala la kondomu lilikuwa jambo la aibu. Remmy akaiita soksi. Tazama ustadi wa neno hilo: kila mtu analijua, halimtii aibu mzazi aliyekaa na watoto wake, linachekesha kidogo, na bado hakuna mtu mzima atakayedai kwamba hakuelewa. Radio Tanzania ilikataa kuupiga, katika siku ambazo Tanzania Bara haikuwa na redio nyingine ya kukimbilia, lakini wimbo ukaenea kwa kanda na kumbini. Mimi huona kwamba wimbo huo peke yake unatosha kumpa nafasi katika historia yetu ya utunzi.

Miaka yake ya mwisho wengi huipita haraka. Baada ya kuugua aliokoka, akakata zile rasta zilizokuwa kitambulisho chake, akageukia nyimbo za Injili hadi alipofariki Desemba 2010. Mashabiki wa zamani walinung’unika. Mimi sioni usaliti hapo, kwa kuwa mtu aliyekiimba kifo kwa miaka mingi kiasi kile hakuwa mbali na mimbari.

Sasa kuhusu pa kuanzia. Tafuta “Muziki Asili Yake Wapi”, uliomo katika albamu ya mwaka 1989 iliyorekodiwa Uingereza chini ya lebo ya Real World ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel. Wakongwe watakuambia kwamba rekodi hizo zimepigwa pasi mno, na kwa kiasi fulani ni kweli, lakini kwa sikio linaloanza zina faida moja kubwa: kila gitaa linasikika kivyake, hivyo utaweza kulifuata moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ukishalizoea zoezi hilo, rudi kwenye rekodi za Radio Tanzania anazoweka baba yako, umwombe asiukatishe wimbo kabla chemko halijaisha.