Ulimi wa mtoto umefungwa, tukate ao tungoje?

SWALI: Jambo dada. Niko Kadutu, hapa Bukavu, nilizaa mtoto wangu wa kwanza kuna siku 12. Kila akishika ziwa nauma meno juu ya maumivu, chuchu imepasuka mpaka damu inatoka, na yeye ananyonya kidogo analala, anaamka analia tena, usiku mzima ni vile tu. Mama mkwe akamuangalia mdomoni akasema ulimi umefungwa, na kuna mama mmoja wa huku kwetu anakataka na wembe. Bwana yangu amekubali, ni kesho asubuhi. Tukate ao tungoje?

JIBU: Mama, pole sana, na tafazali kesho usimpeleke. Nalitanguliza hilo kwa sababu chini ya ulimi kuna mishipa ya damu na mifereji ya mate, na mtoto asiyechomwa sindano ya vitamini K alipozaliwa anaweza kuvuja damu isiyokoma. Na wembe unaleta pepopunda.

Simbishi mama mkwe, pengine ameona vizuri. Akilia angalia ile ngozi nyembamba ya chini ya ulimi: kama ni fupi, ncha inavutwa katikati inakuwa na umbo la moyo, na haivuki ufizi. Lakini watoto wengi wako nayo na wananyonya bila shida, kwa hiyo kuiona tu si sababu ya kukata. Mwaka 2017 Cochrane, shirika la watafiti wanaolinganisha majaribio ya matibabu, walikusanya majaribio 5, watoto 302, wakakuta kukata kunamupunguzia mama maumivu ya chuchu kwa muda mfupi, ila kama mtoto ananyonya vizuri zaidi, hapo matokeo hayakulingana. Na wakikuambia asipokatwa hatasema vizuri, hiyo haijathibitishwa.

Kwa hiyo tuanzie kwenye ziwa. Chuchu ikitoka mdomoni imebanwa, imelala upande mmoja kama ncha ya rangi ya mdomo mpya, ujue anashika chuchu peke yake. Mulaze tumbo lake kwa tumbo lako, chuchu iguse pua yake, ngoja apanue mdomo kabisa kama anayepiga miayo, halafu umulete upesi kwako, kidevu kizame ndani ya ziwa. Ikiuma bado, ingiza kidole kisafi pembeni ya mdomo umutoe, urudilie, hata mara tano, usivumilie tu. Ziwa lenye kuuma sana, kamua na mkono umunyweshe na kikombe kidogo, biberoni tuiache kwanza.

Kesho hiyo hiyo nenda santre ya afya ya karibu, apimwe kilo na mkunga akuangalie ukinyonyesha, akuangalie kweli, asikuulize tu umesimama mlangoni. Siku ya 14 hivi mtoto anapaswa kuwa amerudilia kilo za kuzaliwa, na kwa siku alowanishe vitambaa 6 ao zaidi. Kama hakojoi vizuri, ao analala mpaka kumuamsha ni kazi, usingoje kesho, nenda leo usiku.

Kama mmerekebisha namna ya kushika na ziwa linauma vile vile, ao kilo hazipande, hapo sitakuzuia kukata: munganga mwenye kuijua, makasi safi, sekunde chache, matone ya damu, na unamuweka kwenye ziwa palepale. Mbele ya kukata muhakikishe mtoto alipata vitamini K, na fishi ya maternite uende nayo.

Bwana yako umusomee hii leo jioni, na mama mkwe naye akiwa hapo.