Grupu la watu 7, wanaofanya kazi 2

Jana usiku kuna dada mmoja anayenisoma kila mara kanitumia meseji, naiweka kama ilivyo: "Kaka samahani kwa usumbufu, grupu letu tuko saba ila wanaofanya ni mimi na mwenzangu mmoja tu, wengine wanasoma meseji wanakausha. Prezentesheni ni Alhamisi ijayo. Niwatoe majina?"

Nilicheka kwanza, afu nikanyamaza, maana enzi zangu za chuo meseji hiyo ningeweza kuiandika mimi neno kwa neno. Nilianza kumjibu inboksi ikawa ndefu, nikaona bora niiweke hapa tufaidike wote, najua hapa hakuna aliyeenda chuo kutafuta C.

Sasa ngoja niwape kisa changu. Mwaka wa pili tulipewa asaimenti ya grupu, utafiti mdogo kuhusu wanafunzi wanavyotumia maktaba, ripoti pamoja na prezentesheni ya dakika 15. Tulikuwa 6. Mimi nikawa lida, sikuchaguliwa na mtu, nilisema tu "basi mimi nitasimamia" na hakuna aliyebisha, si unajua wanafunzi mzigo ukipata mwenyewe kila mtu anashusha pumzi. Kikao cha kwanza hakikufika hata nusu saa, tukagawana: wewe utangulizi, wewe walichoandika waliotutangulia, wewe madodoso, wewe uchambuzi, wewe slaidi, mimi nitaunganisha. Tukaagana kwa furaha. Wiki tatu zilizofuata sina cha kusimulia, kwenye grupu la WhatsApp kulikuwa na "poa", "sawa lida" na vidole gumba.

Siku mbili kabla ya deadlaini ndo vipande vikaanza kuingia. Kimoja kimekopiwa mtandaoni hivi hivi, maneno ya bluu yamo, ukiyabonyeza yanakupeleka kule kule alikoyatoa. Kingine hakikuja kabisa na mwenyewe simu kazima. Na huyu wa madodoso, nitamwita Mpole kwa sababu ndivyo alivyo, akaleta nusu ukurasa. Nusu ukurasa, wiki tatu! Nikasema huyu naye mtegeaji tu kama wengine.

Nikakesha. Nikaandika upya karibu kila kitu, na sitawadanganya, nilikuwa najisikia raha fulani hivi, ile raha ya kujiona wewe ndo unabeba grupu zima mgongoni. Nusu ukurasa ya Mpole nikaipunguza ikabaki sentensi moja: "Madodoso 60 yaligawiwa kwa wanafunzi." Zingine nikafuta, niliona ni maneno mengi. Afu nikampangia aje asalimie na kututambulisha, basi, asije akatuharibia.

Siku ikafika. Slaidi ya 4 nikaisoma mimi kwa mbwembwe, wanafunzi 60. Slaidi ya 11 dada wa uchambuzi akaweka lile duara la rangi rangi, chini yake pameandikwa kwa maandishi madogo: jumla 45. Lekchara akavua miwani, akaiweka mezani taratibu, akauliza, "Mlipata majibu ya watu wangapi?" Mimi nikasema sitini. Dada akasema arobaini na tano. Kwa wakati mmoja! Darasa zima likacheka. "Hao kumi na tano wako wapi?" Nikamwona Mpole pale pembeni anafungua mdomo, anaangalia kwangu kama anaomba ruhusa, na mimi badala ya kumwachia nikaingia kati na uongo wa papo kwa papo, eti tuliwaondoa waliojibu vibaya. Lekchara akauliza, "Kwa vigezo gani?"

Hapo nikafa.

Tulipotoka nje Mpole akanifuata, hakuniinulia sauti wala nini, akasema, "Niligawa sitini yakarudi arobaini na tano. Niliandika." Nikaenda kufungua kile kipande chake cha mwanzo. Kweli kaandika, mstari wa tatu, na alikuwa ameeleza mpaka kwa nini hayakurudi yote. Jibu lote la lile swali lilikuwepo nikalifuta mwenyewe kwa mkono wangu usiku wa manane, na miaka yote iliyofuata nilikuwa nawasimulia watu kwamba tuliangushwa na wategeaji.

Ndo maana dada yangu nikisoma "wanaofanya ni wawili" nataka kwanza nikuulize, hao watano walipewa kazi gani hasa? Na walipoleta, uliifanyia nini?

Kuna Mfaransa mmoja alikuwa mtaalamu wa mambo ya kilimo, Max Ringelmann, alipima watu wakivuta kamba, akachapisha matokeo yake 1913. Mtu akivuta peke yake anatoa nguvu yake yote, ila wakiwa wanane kila mmoja anatoa kama nusu tu ya ile aliyoitoa akiwa peke yake. Watu wakisikia hii wanarukia "si unaona, uvivu", lakini yeye mwenyewe alisema shida kubwa ni kwamba hawavuti kwa pamoja, huyu anavuta mwenzie anapumua, yaani nguvu ipo ila inapotea katikati. Sisi hatukupotea kwa sababu ya uvivu wa Mpole, tulipotea katikati ya slaidi ya 4 na ya 11, pale ambapo hapakuwa na mtu.

Na ukubwa wa grupu nao unachangia, we piga hesabu, watu 4 wana jozi 6 za kuelewana, watu 7 wana jozi 21. Ishirini na moja! Sasa hizo zote uzimalize kwa "poa" za WhatsApp? Haiwezekani. Usitume tangazo kwenye grupu, mfuate mtu mmoja mmoja, umpe kitu kidogo chenye jina lake na siku yake. "Jamani nani atafanya slaidi" hilo sio swali, hilo limeulizwa hewani na hewa haijibu. "Wewe, slaidi ya 5 na 6, nionyeshe Jumatatu hata kama ni mbovu" hapo mtu anajua anatakiwa yeye. Asipofanya na hapo, angalau umejua mapema.

Siku nazo tunajidanganya sana. Kuna watafiti walichapisha 1994, waliwauliza wanafunzi wanaomalizia tasnifu zao watachukua siku ngapi, wastani wakasema kama 34, wakaja kuchukua kama 55. Na hao kila mtu alikuwa na kazi yake peke yake, sembuse nyie saba. Deadlaini ya ndani iwe siku kadhaa kabla ya ile ya lekchara, na hizo za katikati sio za kupumzika, ni za kukaa chini wote mkasoma kazi nzima kwa sauti kuanzia juu mpaka chini. Wote. Kwa sauti. Sisi tungesoma mara moja tu, 60 na 45 zingegongana masikioni mwa watu sita, mmoja asingekosa kushtuka.

Kwenye mazoezi nako badilishaneni vipande, wa uchambuzi aeleze madodoso, wa madodoso aeleze uchambuzi, mtacheka sana ila mtajua nani hajui nini. Maana pale mbele kuna kitu kinatokea, mtu anayekaribia zamu yake hasikii anayeongea kabla yake, anarudia maneno yake kichwani, hili limepimwa tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo usitegemee kwamba mtaelewana jukwaani. Na swali likija ajibu aliyefanya, sio aliye lida, sio mwenye sauti nzito. Wanafunzi wenzangu tuache huu ugonjwa wa kutaka kuonekana. Lida anayeandika upya kazi za watu usiku bila kuwauliza anatengeneza wategeaji kwa mikono yake, maana nani atajituma tena akijua kitafutwa? Hariri, ndiyo, ila hariri mwenye kipande akiwa pembeni yako.

Mwaka wa mwisho nilikuwa tena lida, safari hii wa watu 5, na ya juu kabisa darasani ilikuwa yetu, nalisema hili bila aibu. Slaidi zetu hata hazikuwa nzuri. Lekchara aliuliza maswali manne, yakajibiwa na watu wanne tofauti, mimi nikiwa nimesimama tu kama mlinzi.

Sasa kuhusu majina. Usiyatoe kabla hujaongea na kila mmoja peke yake, kwa mdomo sio kwa meseji, na una wiki nzima. Ukishaongea nao na bado yupo wa kuzima simu, huyo nenda kwa lekchara kabla ya Alhamisi, sio baada, ukiwa na meseji zako mkononi. Mimi wa kwangu sikumtoa. Siku ya prezentesheni alikuja na suti, akachukua maksi zile zile tulizochukua wote, akapiga na picha amesimama mbele ya projekta kanyoosha mkono kama anafafanua jambo, na mpaka leo ndo picha yake ya profaili.