Binti wa Ujiji aliyesoma karatasi za maandazi

Shikamoo Shangazi. Nina umri wa miaka 26 na ninaishi Ujiji. Nilipokuwa mdogo nilisoma chochote kilichoandikwa, hata vipande vya magazeti vilivyofungiwa maandazi, na mama alinichapa kwa sababu maharage yaliungua nikiwa nimeinamia kitabu. Niliamini nitaishi kwa kuandika. Sasa ninachapa kazi za watu kwenye duka la steshenari mjini Kigoma, na ninalipwa kwa ukurasa. Wateja wengine hunisubiri mimi hata mwenzangu akiwa hana kazi, wakisema ninawanyooshea barua zao. Mjomba anataka niache, nikamsimamie biashara ya dagaa Kibirizi, na anasema vitabu vimenipotezea umri. Je, amekosea?
Mpenda Vitabu

Marahaba, mwanangu.

Kuhusu umri wako mjomba amekosea, lakini kuhusu mfuko wako ana hoja, na nitaifikia. Kwanza turudi kwa hao wateja wanaokusubiri, ambao umewataja kwa sentensi moja kana kwamba ni jambo dogo.

Chukulia mzazi anakuletea barua ya malalamiko kwenda shuleni, ameandika: "Nilimkuta mwalimu na mwanangu akilia." Mchapaji wa kawaida ataichapa kama ilivyo. Wewe, naamini, utauliza ni nani aliyekuwa akilia, kisha utaandika: "Nilimkuta mwanangu akilia mbele ya mwalimu." Hakuna aliyekufundisha kanuni ya kuligundua kosa hilo, kwa sababu sentensi yenyewe haina kosa la sarufi, ulilisikia tu. Mtoto anayesoma sana hukutana na neno lilelile mara kadhaa, leo katika hadithi, kesho katika tangazo la mnada, kabla mtu yeyote hajamweleza maana yake, na polepole hulijua kwa majirani zake kama tunavyomjua mtu kwa watu anaoandamana nao. Wengi katika mikoa yetu hii miwili, Kigoma kwako na Tabora kwangu, walianza shule wakiwa na Kiha au Kinyamwezi kinywani. Wewe wa Ujiji umekulia ndani ya Kiswahili, lakini Kiswahili cha barazani hakitoshi kuandikia barua ya ofisini, na hicho cha ofisini umekipata kwenye karatasi, pamoja na zile zenye mafuta ya maandazi.

Mimi nilikipata kwa mama yangu, aliyekwenda kisomo cha watu wazima hapa Tabora miaka ya sabini na kurudi na vijitabu vya kilimo na afya. Nilisoma habari za minyoo na choo bora kwa hamu ambayo watoto wengine waliiweka kwenye hekaya. Nilipokuwa binti, wazee wa mtaani wakaanza kuniita niwaandikie barua, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nakuomba usilirudie. Mzee mmoja alitaka kumwambia mwanawe aliyekuwa Dar es Salaam kwamba paa linavuja na anahitaji mabati. Nilimpambia barua yake kwa kila neno zuri nililokuwa nalo, mbingu zikalia na nyumba ikaomboleza, naye akaisikiliza kwa fahari. Baada ya wiki kadhaa mwanawe alijibu akimpa pole kwa msiba na kuuliza ni nani aliyefariki. Mabati hayakuja mwaka ule. Nilikuja kuwa msahihishaji wa prufu gazetini kwa miaka mingi, na kila nilipojaribiwa kuipendezesha habari ya mtu mwingine nilimkumbuka mzee yule akikinga maji kwa sufuria.

Kwa hiyo usomaji umekupa maneno, lakini kazi ya maneno inakutaka uyaweke mengi kabatini. Wasomaji wengi wakubwa hawapendi kuambiwa hivyo, maana utotoni walijiona waandishi wa riwaya. Wanaolipwa kwa uhakika zaidi ni wale wanaoyahudumia maneno ya wengine: wahariri, wafasiri, wakalimani. Kama unajua Kiha, una mtaji mwingine mkononi, kwa sababu Kiha na Kirundi husikilizana, na mkoa wako umekuwa na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, tangu mwaka 1996. Kazi ya kukalimani huko huhitaji mtu anayeweza kusema kwa usahihi alichosema mwenzake, bila kuongeza mbingu zinazolia. (Wosia na mikataba, tafadhali, waachie mawakili.)

Sasa hoja ya mjomba. Ukurasa mmoja mmoja haujengi nyumba, nalo duka si lako. Hata hivyo sioni kwa nini uchague kimoja. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Shule ya Serikali hapa Tabora na baadaye akafundisha St. Mary's, alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar mwaka 1963, na tafsiri nyingine ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi, mwaka 1969, akiwa Rais. Wewe unaombwa kuuza dagaa tu.

Tena dagaa wenyewe wana kalenda inayokufaa. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka hupumzika, kwa kuwa taa zao haziwavuti tena dagaa. Mwambie mjomba, kwa adabu, kwamba wakati wa giza utamshikia daftari la mauzo na kusimamia wanaoanika, na wakati wa mbalamwezi utarudi kwenye karatasi zako. Kwa kuwa unalipwa kwa ukurasa, mwenye duka hatakulipa kwa siku unazokosekana. Akikubali, umepata akiba ya kununulia kompyuta yako mwenyewe.

Lakini kabla ya hayo yote, kuna jambo la wiki hii. Barua yako inaonyesha kwamba unatoza kuchapa peke yake, na kunyoosha unatoa bure. Zungumza na mwenye duka, kisha andika kwenye karatasi bei mbili, ya kuchapa na ya kuhariri, uibandike ukutani mteja anapoweza kuiona kabla hajatoa barua yake mfukoni.