Betelgeuse ilififia, lakini vumbi si saa ya mlipuko

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia sekondari, Morogoro. Wanafunzi wangu wameniletea klipu ya WhatsApp inayodai nyota ya Betelgeuse italipuka mwaka huu, eti kwa sababu ilififia mwaka 2019 na nyota ikikaribia kulipuka lazima ififie. Inasema darubini za angani zimeona vumbi likiitoka, na kwamba tutakuwa na majua mawili kwa wiki kadhaa. Nimewaambia si kweli, ila kwenye vumbi nimekwama. Kama kweli limeonekana, si ndiyo mwanzo wa mlipuko wenyewe?

JIBU: Mwalimu, vumbi lilionekana kweli. Klipu za namna hii huanza na jambo la kweli, na ndiyo maana zinanikera kuliko uongo mtupu. Kila Januari, kundi la nyota la Orioni, ambamo Betelgeuse imo, linapopanda juu ya vichwa vyetu usiku, naletewa klipu ileile, mwaka tu ndio umebadilishwa.

Mwishoni mwa 2019 Betelgeuse ilianza kupoteza mwanga, na kufikia Februari 2020 mng'ao wake ulikuwa umebaki kama theluthi moja tu ya kawaida. Edward Guinan wa Chuo Kikuu cha Villanova, Marekani, na wenzake waliwaarifu wanafalaki Desemba 2019. Ilikuwa taarifa ya vipimo, basi. Ilipofika mitandaoni ikawa unabii.

Bahati nzuri darubini ya Hubble ilikuwa tayari inaichunguza nyota hiyo kwa mwanga wa urujuanimno. Andrea Dupree na wenzake waliona, kati ya Septemba na Novemba 2019, gesi nzito ya moto ikitoka upande wa kusini wa nyota kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 300,000 kwa saa. Gesi hiyo ilipofika mbali ilipoa na kuganda kuwa vumbi, likaziba sehemu ya uso wa nyota kwa upande wetu. Usilifikirie kama vumbi la barabarani. Chembe zake ni ndogo mno, zinakaribiana zaidi na za moshi wa mkaa. Kabla ya katikati ya 2020 nyota ilikuwa imerudi kwenye mng'ao wake.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote haukutoka hata kwenye darubini. Himawari-8 ni setilaiti ya Japani ya hali ya hewa. Ipo kama kilomita 36,000 juu ya ikweta na kila dakika 10 huipiga Dunia picha nzima. Pembeni mwa picha hizo, nje kidogo ya ukingo wa Dunia, Betelgeuse ilikuwa ikipita kama kitone, na hakuna aliyekuwa na habari nayo. Daisuke Taniguchi na wenzake wakafukua picha za tangu 2017, wakakipima kitone hicho katika mwanga wa kawaida na katika infraredi, ambako vumbi huonekana kwa joto lake lenyewe. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2022, yalionyesha mambo mawili yaliyochangia karibu sawa: uso wa nyota ulipoa kwa nyuzi kama 140, na papo hapo vumbi likaongezeka.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe, na hapa nakuomba uwakalishe wanafunzi chini. Watu wanadhani uso wa nyota unatangaza kinachotokea kwenye kiini chake. Hautangazi. Betelgeuse ni kubwa kiasi kwamba ungeiweka mahali pa Jua, ukingo wake ungeipita Mirihi. Kiini kitakachoporomoka siku ya mwisho ni kidogo sana, ukubwa wa sayari tu. Katika hatua za mwisho kiini huchoma kaboni kwa mamia au maelfu ya miaka, oksijeni kwa muda mfupi zaidi, na silikoni kwa siku chache tu. Joto la huko ndani halina muda wa kupenya tabaka zote hizo hadi juu kwa siku chache. Kwa hiyo nyota inaweza kuwa imebakiza wiki moja na uso wake ukawa umetulia tuli, au ikawa imebakiza miaka 100,000 na uso ukawa unatema gesi kila upande.

Kinachopenya ni nyutrino, chembe ndogo mno zinazopita ndani ya karibu kila kitu bila kuzuiwa. Tarehe 23 Februari 1987 mitambo iliyofukiwa ardhini, ukiwemo wa Kamiokande huko Japani, ilinasa nyutrino zipatazo dazeni mbili saa chache kabla mwanga wa supanova 1987A, yaani mlipuko wa mwisho wa nyota kubwa, haujafika. Mrithi wake, Super-Kamiokande, kwa nyota ya karibu kama Betelgeuse unaweza kutoa tahadhari saa kadhaa kabla ya mlipuko. Nasema saa. Anayekutajia mwaka amezipata wapi nyutrino zake?

Na vumbi? Nyota kubwa nyekundu kama Betelgeuse hutoa vumbi muda wote wa uzee wao, na uzee huo ni mrefu. Hata nyota za aina nyingine hufanya hivyo: R Coronae Borealis imekuwa ikijifukiza kwa masizi ya kaboni na kupotea machoni tangu Edward Pigott alipoiona ikififia karne ya 18. Inafifia, inarudi, inafifia tena. Haijalipuka.

Nitakupa na upande wa pili, maana mwanafunzi mjanja ataupata. Juni 2025 nyota ililipuka katika galaksi NGC 1637, na darubini ya Webb ilikuwa imeipiga picha kabla. Ilikuwa nyota kubwa nyekundu iliyofunikwa na vumbi zito kiasi cha kupunguza mwanga wake unaoonekana zaidi ya mara 100. Bila infraredi ya Webb tusingejua kwamba ilikuwa imefunikwa kiasi hicho. Atasema: umeona, vumbi kwanza, mlipuko baadaye! Lakini picha hizo zinatuambia nyota ilikuwa na vumbi, hazituambii ilikuwa nalo tangu lini. Na supanova 2020tlf ilifanya kinyume kabisa cha klipu yenu: katika siku zake 130 hivi za mwisho nyota ile iling'aa zaidi.

Kuna pia utafiti wa 2023 ambao klipu hizi huutaja bila kuusoma. Hideyuki Saio na wenzake walipendekeza kwamba Betelgeuse inakaribia kumaliza kaboni, hivyo imebakiza muda mfupi kwa hesabu za nyota. Ni utafiti halali. Tatizo ni kwamba hoja yao inahitaji nyota iwe kubwa kuliko inavyopimwa, na watafiti wengine walilisema hilo mwaka huohuo. Mdundo wa kung'aa na kufifia wa siku kama 2,200 walioutegemea sasa unaelezwa na wengi kwa nyota ndogo inayoizunguka Betelgeuse, ambayo mwaka 2025 wanafalaki wa darubini ya Gemini North, Hawaii, walitangaza kuwa wameinasa kwenye picha.

La majua mawili halihitaji maneno mengi. Ikilipuka itakuwa nukta yenye mwanga wa kulinganishwa na wa Mwezi, itaonekana hata mchana, na kwa umbali wa miaka ya nuru isiyopungua 500 haitatudhuru. Na yule anayesema "huenda ilishalipuka, mwanga haujafika tu", mpe hesabu: mwanga unasafiri miaka 700 hivi kwa wingi, nyota inakadiriwa kuwa na hadi miaka 100,000 mbele yake. Gawanya. Haifiki asilimia moja.

Ninachokiogopa hasa si Betelgeuse, ni mazoea ya kudai tarehe. Mtu anachukua picha ya Hubble, anaibandikia sauti ya kompyuta na muziki wa kutisha, anataja mwezi, na mwezi ukipita anafuta klipu na kutaja mwingine. Wengine wanapokea pesa za dua na kinga dhidi ya "nyota inayokuja". Haya ni yaleyale ya wapiga ramli, tofauti ni kwamba sasa wanavaa koti la maabara.

Hata wataalamu wenye nia njema huteleza wakikaribia tarehe. T Coronae Borealis, ambayo si supanova bali nova inayojirudia (mlipuko wa juujuu tu, nyota yenyewe hubaki), ililipuka 1866 na 1946. Mwaka 2023 ilififia kama ilivyofanya kabla ya 1946, wanafalaki wakakadiria mlipuko ungetokea kabla ya Septemba 2024. Septemba ikapita. Zikatajwa tarehe nyingine, ikiwemo 27 Machi 2025, nayo ikapita kimya. Hiyo ni nyota ambayo tunayo rekodi ya milipuko yake miwili ya kulinganishia. Kwa Betelgeuse hatuna hata mmoja.