Barua kwa Mwanangu: Nalipwa kwa Kazi Gani

Mwanangu mpendwa,

Juzi uliniuliza, "Mama, hao watu unaowashauri wana moyo na wana wafadhili. Wewe wanakulipa kwa kazi gani hasa?" Na kwa kuwa unafikiria kuacha benki uingie kwenye ushauri wa biashara za kijamii, nimeona nikujibu kwa maandishi.

Biashara ya kijamii huuza kama biashara nyingine, ila imeanzishwa ili mtu fulani asaidike: kijana apate ufundi, mgonjwa apate matibabu. Kazi yangu ni kuwauliza wenyewe nani analipia nini. Wengi hawana jibu. Si uzembe, ruzuku na mauzo vimeingia akaunti moja miaka yote, na maadamu fedha ipo, hakuna anayeuliza imetoka wapi.

Jumatatu huwa ya kusoma: hesabu zilizokaguliwa, mikataba ya ruzuku, kumbukumbu za vikao vya bodi. Hizo kumbukumbu usizidharau. Jambo likiahirishwa kikao baada ya kikao, hapo ndipo penye kidonda.

Jumanne na Jumatano nilishinda kwenye karakana inayofundisha vijana useremala na kuuza samani. Nilichagua kiti kimoja, nikakaa na msimamizi tukakipigia hesabu kwenye jedwali lake: mbao, gundi, msasa, vanishi, usafiri, hata zile mbao zinazoharibika mikononi mwa mwanafunzi anayejifunza kukata. Yote alikuwa nayo kichwani. Nikamuuliza mshahara wa mwalimu tuuweke wapi. Akajibu, "Huo analipa mfadhili." Kumbe ndiyo maana kiti kilionekana kina faida! Mkataba wa mfadhili ukiisha, kila kiti kitauzwa kwa hasara, na kadiri watakavyouza vingi ndivyo watakavyozidi kuzama.

Sikuwaambia wakimbilie kupandisha bei. Pale kuna gharama mbili zilizochanganyika: ya kutengeneza kiti na ya kumfundisha kijana. Ya kwanza sharti mnunuzi ailipe yote. Ya pili ni halali kabisa kuiombea ruzuku, au kumwendea mwajiri anayehitaji mafundi, mradi iandikwe peke yake kila mtu aione. Msimamizi alilifuta jedwali lake akaanza upya palepale, na nilimheshimu sana kwa hilo.

Alhamisi tulikutana na bodi. Mjumbe mmoja alisema kwa uchungu kwamba kuzungumzia bei ni kuwasahau maskini. Nikampa habari za hospitali ya macho ya Aravind, iliyoanzishwa na Dk. Govindappa Venkataswamy mjini Madurai, India, mwaka 1976, ikiwa na vitanda 11. Wenye uwezo hulipa. Wasio nao hutibiwa bure au kwa malipo madogo. Watu hukishika hicho kipande cha tajiri kumbeba maskini wakaishia hapo. Mimi hukazia kingine: lenzi za kuweka ndani ya jicho baada ya kuondoa mtoto wa jicho zilikuwa ghali mno kuagiza, basi mwaka 1992 wakaanzisha Aurolab, kiwanda chao cha kuzitengeneza. Waliifanyia kazi gharama yenyewe. Karakana haiwezi kuiga kila kitu, maana Aravind hufanya operesheni nyingi mno, na wingi huo ndio unaoshusha gharama ya kila moja. Lakini mjumbe yule aliomba kuliona jedwali la kiti.

Ijumaa ni ripoti, ankara, kukumbushia ankara za zamani, na kuandika mapendekezo ya kazi zijazo. Malipo huchelewa. Bila akiba ya miezi kadhaa usiingie huku.

Kuhusu benki: usiache sasa. Uchungu na watu unao tangu utotoni, na kusoma mtiririko wa fedha umejifunza huko kazini. Hicho cha pili ndicho vikundi vingi vinakikosa. Unachohitaji ni kukaa ndani ya kikundi kimoja uone maamuzi yanavyofanywa fedha ikiwa haitoshi. Kuna kikundi kinatafuta mhazini wa kujitolea, na vikao vyao ni vya jioni, kwa hiyo havitagongana na kazi yako. Nimewaomba ruhusa nikutumie hesabu zao za mwaka jana. Zisome, kisha nipigie uniambie ungeanza kuwauliza nini.

Akupendaye,
Mama