Ukija Uingereza, tenga siku mbili za Suffolk

Mama alipoingia kwenye nyumba moja kongwe ya Lavenham, mji mdogo wa Suffolk, aliugusa ukuta, akanigeukia na kusema, "Mwanangu, kumbe na hawa walikandika!" Sehemu ya ukuta ilikuwa imeachwa bila plasta ili wageni waone kilichomo ndani: fito zilizosukwa katikati ya nguzo za mwaloni, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na manyoya ya wanyama. Mama alikulia Pangani, kwenye nyumba ya fito na udongo. Wiki mbili nzima nilikuwa nimemzungusha London, akaliona daraja, akaliona kasri la mfalme, akapigwa picha na kukaa kimya. Lavenham hakukaa kimya hata dakika.

Tangu siku hiyo, kila ndugu anayeniuliza ampeleke wapi mgeni wake namwambia Suffolk, mashariki mwa Uingereza, kwenye mashamba yanayoishia Bahari ya Kaskazini. Ila namwambia pia asifanye nilivyofanya mimi safari ya kwanza, nilipotaka kumaliza vijiji sita kwa siku moja. Tulifika Lavenham jioni, milango inafungwa, watoto wamelala garini. Chagua sehemu tatu tu na ulale huko usiku mmoja.

Lavenham ndiyo ya kwanza. Mwaka 1524, serikali ilipokadiria kodi, mji huu mdogo ulikuwa wa 14 kwa utajiri Uingereza nzima. Utajiri wenyewe ulitokana na kitambaa kizito cha sufu, hasa cha buluu, kilichouzwa hadi ng'ambo. Matajiri wa kitambaa wakajenga kanisa lenye mnara wa mita 43, unaouona kabla hujafika mjini, na karibu na mwaka 1530 wakajenga Guildhall, ukumbi wa chama chao cha kidini, pale sokoni. Kisha soko likageuka. Wafumaji wakimbizi wa Kiholanzi waliohamia mji wa Colchester walifuma kitambaa chepesi na cha bei nafuu, na wanunuzi wakawafuata. Lavenham ikafilisika. Ule ukumbi wa matajiri ukaja kuwa jela, kisha nyumba ya kufanyishia kazi maskini.

Mwambie mgeni wako kisa hiki mkiwa mmesimama sokoni, maana ndicho kinachoeleza anachokiona. Miji mingine ilipopata fedha ilibomoa nyumba za mbao na kujenga za matofali. Lavenham hawakuwa na fedha hizo, kwa hiyo nyumba zao zikabaki. Zimepinda kwa sababu mwaloni ulijengewa ungali mbichi, ukajikunja ulipokauka. Mama aliogopa kupita chini ya moja iliyoinamia barabara. Nilimwambia imeinama hivyo miaka mia nne na zaidi, naye akapita, lakini upande wa pili!

Ukilala hapo, amka mapema. Kabla ya saa tatu asubuhi magari ya wageni hayajafika, na unaweza kutembea katikati ya barabara ukasikia ndege tu. Hakuna treni, kwani reli ya abiria ilifungwa mwaka 1961. Panda treni kituo cha Liverpool Street, London, badilisha Marks Tey, shuka Sudbury, kisha tafuta basi. Jumapili mabasi ni ya shida sana, kwa hiyo panga siku ya kazi au kodi gari.

Ukiwa na gari, pita Kersey, si mbali. Barabara kuu ya kijiji inakatwa na kijito, na magari yanapita ndani ya maji. Kitambaa cha sufu kilichoitwa kersey kinasadikiwa kuchukua jina la kijiji hiki. Nilipomweleza mama alielewa papo hapo: "Kama marekani." Ndiyo, kama marekani, ile nguo ya pamba ya bibi zetu iliyobeba jina la nchi ilikotoka.

Bury St Edmunds ni mji mkubwa zaidi na una kituo chake cha treni. Nenda moja kwa moja kwenye magofu ya abasia, yaani makao makubwa ya watawa. Hapo alizikwa Edmund, mfalme aliyeuawa na Waviking mwaka 869, na mahujaji walimiminika kwa karne nyingi hadi mfalme Henry VIII alipoifunga abasia mwaka 1539. Kinachoshangaza ni nyumba za watu zilizojengwa ndani ya ukuta wa mbele wa kanisa lililobomoka: madirisha na mapazia kati ya mawe ya kale. Bustani haina kiingilio.

Chakula kisikutie hofu. Vijijini utakula kwenye baa nyingi kuliko mikahawa, na familia zinakaribishwa kula humo. Kama huli nguruwe, sema kabla ya kuagiza, na uliza kilichomo kwenye supu pia. Sisi tulikula samaki. Makanisa ya kale huwa wazi mchana, ingia kwa heshima, keti, na ukiweza weka chochote kwenye sanduku. Beba koti hata mwezi wa saba, upepo wa bahari ile haujui majira. Usiende majira ya baridi, giza huingia saa kumi jioni.

Siku ya pili nenda Dunwich, ufukweni. Kituo cha karibu ni Darsham, na kutoka hapo utahitaji teksi. Zamani hii ilikuwa bandari kubwa. Dhoruba za miaka ya 1280, na nyingine ya 1347, zilimeza mitaa na kuziba bandari, na bahari ikaendelea kula mwamba. Kanisa la mwisho kati ya yale ya kale lilianguka kipande kwa kipande mwanzoni mwa karne ya 20. Hata hivyo mji huu uliokuwa majini uliendelea kupeleka wabunge wawili London hadi mwaka 1832. Leo umebaki kijiji kidogo, kuta za nyumba ya watawa na ufukwe wa kokoto. Mwamba bado unaporomoka, usisogelee ukingo wala kukaa chini yake.

Anzia kwenye makumbusho madogo ya kijijini. Humo kuna mfano wa mji ulivyokuwa, na mama alisimama mbele yake muda mrefu akihesabu makanisa kwa kidole. Tulipofika ufukweni hakuuliza kitu, alikaa juu ya kokoto akiyatazama maji, na nilipomwambia teksi imekuja alisema, "Ngoja kidogo, mwanangu."