Mama mwenye mfuko tumboni na korosho

Pole dada. Umeuliza kama mama, ambaye ncha ya utumbo wake mwembamba imetolewa nje ya tumbo na kuwekewa mfuko wa kupokea choo mwezi huu, anaweza kurudia korosho. Hapa Masasi najua hazikwepeki, kila kikao kina sahani! Ila wiki 6 hadi 8 za mwanzo asiziguse, wala machicha ya nazi, mahindi ya kuchoma au kisamvu. Vinaweza kuziba utumbo. Tui lililochujwa, sawa. Mpe wali laini, ndizi mbivu, samaki wa kuchemsha, kidogo kidogo, atafune sana.

Umesema pia ana kizunguzungu. Usikitibu kwa maji matupu: anapoteza chumvi pia, mpe ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na umjulishe daktari. Mfuko ukikaa mkavu saa kadhaa huku tumbo likisokota na anatapika, mkimbizeni hospitali usiku huohuo.